Kamante Gatura: Mpishi aliyeng'arisha jina la mwenye nyumba

MAFUTA mengi yanayotumika nchini, yakiwemo yale ya kuwashia stovu, huingia kupitia Kipevu. Karne moja iliyopita, yaliyokuwa yakishushwa Mombasa na kupelekwa bara kwa garimoshi ni majiko yenyewe: mazito, ya chuma cha kusubu, yenye kuchochewa kwa kuni.

Mbele ya jiko kama hilo ndipo Kamante Gatura alipojipatia sifa. Alikuwa mtoto wa Kikuyu aliyechunga mbuzi katika shamba la kahawa la Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyefunga ndoa mjini Mombasa Januari 1914 kabla ya kwenda kuishi karibu na vilima vya Ngong. Miguu ya kijana huyo ilikuwa imejaa vidonda. Blixen alipojaribu kumtibu akashindwa, alimpeleka katika hospitali ya wamisionari wa Kiskoti huko Kikuyu, akarudi baada ya miezi mitatu akiwa mzima, tena Mkristo.

Alianza kwa kutunza mbwa, akasaidia kutibu wagonjwa, kisha akaingia jikoni chini ya mpishi Esa. Esa alipofariki, Kamante akamrithi. Hakujua kusoma, hivyo kila mchuzi aliukumbuka kwa tukio la siku aliyofundishwa kuupika. Mwaka wa 1928 Mwanamfalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane, alikula chakula chake akakisifu. Kamante mwenyewe hakuvipenda vyakula hivyo, alipendelea mahindi.

Nyuma ya meza kama hiyo ilikuwepo kazi isiyoonekana na wageni. Chuma cha kusubu hushika kutu upesi. Kwa hiyo, katika nyumba za zama hizo, jiko lilipopoa, majivu yalizolewa, kisha likapakwa kwa brashi unga wa grafiti, madini yaleyale yaliyomo ndani ya penseli, uliochanganywa na mafuta. Lilisuguliwa kwa kitambaa hadi likang'aa. Grafiti haiungui upesi kama rangi ya kawaida, bali huganda chumani na kukikinga na unyevu. Mikono ya msuguaji ndiyo iliyobaki nyeusi.

Shamba lilipouzwa na Blixen kurejea kwao mwaka wa 1931, Kamante alipoteza kazi. Alimtumia barua alizoandikiwa na waandishi wa kulipwa, akitamani arudi. Blixen hakurudi, kitabu chake cha mwaka wa 1937 kilimpa umaarufu duniani. Simulizi za Kamante, zilizokusanywa na mpigapicha Mmarekani Peter Beard, zilichapishwa mwaka wa 1975, takriban miaka 40 baadaye.

Alifariki mwaka wa 1985, mwaka uleule ilipotolewa filamu iliyotokana na kitabu hicho. Nyumba ile sasa ni makumbusho yenye jina la Karen Blixen, na jikoni mgeni huonyeshwa jiko la aina ya Dover. Mwenye kulitazama na amkumbuke pia aliyekuwa akipika.