Mtakatifu Inyasi wa Loyola na Sala Inayofuata Pumzi

Kila mwaka, tarehe 31 Julai, Mama Kanisa anaadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, Padre na mwanzilishi wa Shirika la Yesu. Wengi wanamfahamu kama mwalimu wa mang'amuzi ya roho. Wachache wanafahamu kwamba katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho aliacha njia ya kusali inayokwenda na pumzi ya mtu, njia ambayo hata mgonjwa aliye kitandani anaiweza. Aliyeiandika hakuwa mtulivu kwa tabia.

Alizaliwa yapata mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, akalelewa kati ya wakuu. Tarehe 20 Mei 1521, akiutetea mji wa Pamplona dhidi ya jeshi la Wafaransa, alipigwa na risasi ya mzinga iliyomvunja mguu wa kulia. Mifupa iliunganishwa vibaya, ikabidi ivunjwe upya. Kipande kilichobaki kimechomoza chini ya goti aliagiza kikatwe kwa msumeno, na hii ni kwa sababu tu kingeharibu umbo la buti alizopenda kuvaa. Wakati ule hapakuwa na dawa ya ganzi. Mtu wa namna hiyo alipoongoka, aliuendea utakatifu kama alivyoviendea vita.

Mwezi Machi 1522, huko Montserrat, aliungama dhambi za maisha yake yote kwa siku tatu, akauacha upanga wake kwa Bikira Maria, kisha akashukia Manresa. Alikusudia kukaa siku chache. Akakaa miezi ipatayo kumi. Alisali kwa magoti saa saba kila siku, akafunga, akaacha kuchana nywele na kukata kucha. Ndipo wasiwasi ulipomvamia. Dhambi alizokwisha kuziungama zilimrudia akilini moja baada ya nyingine. Akaungama tena na tena asipate amani. Katika chumba alichopewa na Wadominikani palikuwa na shimo kubwa karibu na mahali pake pa sala, na mara nyingi alishawishika kujitupa humo. Akajaribu kuulazimisha mbingu: alikaa juma zima bila kula wala kunywa. Muungamishi wake aliposikia alimwamuru ale, naye akatii. Wasiwasi ulimwacha siku mbili, ukarudi siku ya tatu. Hatimaye alitambua ulikotoka, akaamua kutoyaungama tena ya zamani, akawa huru.

Mwandishi wa makala haya huvutiwa zaidi na jambo dogo la siku zile zile. Kila alipotaka kulala, mawazo matamu ya kiroho yalimjia na kumla usiku. Akapima: saa za Mungu amekwisha kumpa Mungu, na hizi ni za usingizi. Akayaacha mawazo hayo, hata kama yalikuwa mema, akalala. Huenda uamuzi huo ulikuwa mgumu kwake kuliko kuvumilia msumeno.

Mazoezi ya Kiroho yalianza kuandikwa Manresa, na Papa Paulo III aliyaidhinisha mwaka 1548. Karibu na mwisho wake kuna njia tatu za kusali, na ya tatu ndiyo ya pumzi. Kwanza mtu aipumzishe roho kidogo, akiwa ameketi au akitembea taratibu, akijiuliza anakwenda wapi na kufanya nini. Kisha apige magoti au aketi, macho yakiwa yamefumbwa au yametulia mahali pamoja. Kwa kila pumzi aseme moyoni neno moja tu la Baba Yetu, na kati ya pumzi na pumzi aitafakari maana ya neno hilo, au Yule anayeambiwa, au unyonge wake yeye anayesali. Siku nyingine achukue Salamu Maria. Hapa akili haiachwi tupu, wala pumzi haihesabiwi kwa ajili ya pumzi. Kuna Mtu anayesemeshwa. Sisi tunaosali kwa Kiswahili tumebahatika, kwani neno moja, "litukuzwe", linabeba ombi zima katika pumzi moja.

Utulivu huo aliuhitaji Roma. Tangu mwaka 1541 hadi kufa kwake aliliongoza Shirika akiwa katika vyumba vichache, akichechemea, akiteswa na maumivu ya tumbo. Barua zilizotumwa kwa jina lake zinakaribia 7,000. Baadhi zilimfuata rafiki yake Fransisko Ksaveri, aliyetia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea India, na majibu yalichukua miezi mingi baharini. Mwezi Mei 1555 ilipofika habari kwamba Kardinali Carafa, ambaye hakulipenda Shirika, amechaguliwa kuwa Papa Paulo IV, waliokuwapo waliona uso wa Inyasi ukibadilika na mwili wake ukitetemeka. Hakusema neno. Aliingia kikanisani kusali, na baada ya muda mfupi akatoka akiwa mchangamfu, kana kwamba uchaguzi umekwenda alivyotaka.

Alasiri ya tarehe 30 Julai 1556 alimwomba katibu wake, Padre Juan de Polanco, aende kwa Baba Mtakatifu kumwombea baraka, kwa maana yu karibu kufa. Polanco alikuwa na barua za kumaliza kabla mjumbe hajaondoka, na madaktari hawakuona hatari. Akauliza kama ingefaa kesho. Inyasi alimjulisha kwamba angependa iwe siku ile ile, kisha akamwachia aamue mwenyewe. Usiku mhudumu wa wagonjwa alimsikia mara kwa mara akimwita Mungu. Alfajiri Polanco alikimbia kwenda kwa Papa; aliporudi na baraka, Inyasi alikuwa amekwisha kukata roho.