Rankine na Ndoo ya Mama

Mwaka juzi niliahirisha masomo, nikarudi nyumbani Kabanga kuuguzwa. Kutwa nilikaa barazani nikimtazama mama akipanda mlima kutoka kisimani, ndoo ya lita 20 kichwani. Akifika anaitua, maji yanatulia kimya. Nikawa najiuliza, jasho lote lile limekwenda wapi?

Jibu nililifundishwa sekondari, ila jamani, nilikariri tu. Aliyelipa jina ni William John Macquorn Rankine, ambaye sisi wa uhandisi tunamjua kwa mzunguko wake wa mitambo ya mvuke, basi.

Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, tarehe 5 Julai 1820. Utotoni aliumwaumwa, elimu yake nyingi akaipatia nyumbani. Akiwa na miaka 14, mjomba wake alimpa kitabu kikuu cha Newton, tena kwa Kilatini, na mtoto akakisoma! Mwaka 1836 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, na baada ya miaka miwili akaondoka bila shahada. Hapo nilirudia mstari mara mbili. Akaenda Ireland kujifunza kazi kwa mhandisi John MacNeill, kwenye reli na miradi mingine.

Mwaka 1853, mbele ya wasomi wa Glasgow, aligawa nishati mafungu mawili: ile inayotenda sasa hivi, na ile ambayo kitu kinayo kwa sababu ya mahali kilipo. Hii ya pili akaipa jina lenye maana ya uwezo, nalo likashika dunia nzima. Jina alilolipa fungu la kwanza halikudumu. Nishati mwendo ni jina lililokuja baadaye. Sisi tunasema nishati tuli, na kwangu mimi neno hilo linapotosha kidogo, maana mtu anadhani imelala. Haijalala, inadai.

Tufanye kisima kiko mita 30 chini ya uwanja wetu. Kilo 20, mara 10, mara 30: jouli 6,000 kwa kila ndoo. Yaani maji yakirudi bondeni yanaweza kuzilipa. Mradi wa umeme wa Igamba, mto Malagarasi, megawati 49.5, hesabu yake ni hiyohiyo. Lakini si jasho lote la mama limo ndooni. Alipandisha na mwili wake pia, na sehemu kubwa ya nguvu zake ilipotea kama joto.

Rankine alikuwa profesa Glasgow kuanzia 1855, akaandika vitabu vya mekanika vilivyosomesha wahandisi wengi. Hakuoa, alipenda kuimba. Alifariki tarehe 24 Desemba 1872, na miaka 52 tu.

Nilipopata nafuu nilimweleza mama zile jouli 6,000. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikabidhi ndoo tupu.