Josephine Cochrane: Mwanamama aliyeunda mashine ya kuosha vyombo, majumbani ikakosa wanunuzi

MTU anayesimama dukani mbele ya mashine ya kuosha vyombo ya bei ya chini kuliko zote, akijiuliza kama inastahili kutolewa fedha, anajiuliza swali ambalo mvumbuzi wa mashine hiyo alihangaika nalo kwa zaidi ya robo karne bila kupata jibu la kumridhisha.

Mvumbuzi huyo ni Josephine Cochrane, mjane wa mji mdogo wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, Marekani, aliyefariki dunia Agosti 1913. Hoteli zilimwelewa mapema. Nyumba za kawaida, ambazo ndizo alizozikusudia tangu mwanzo, hazikumwelewa katika uhai wake wote, na sababu zake hazikuwa za kipuuzi.

Alizaliwa Machi 8, 1839 katika Kaunti ya Ashtabula, jimbo la Ohio, akiitwa Josephine Garis. Baba yake, John Garis, alikuwa mhandisi. Mama yake, Irene, alitoka katika ukoo wa John Fitch, aliyeonesha boti inayoendeshwa kwa mvuke katika Mto Delaware mwaka 1787.

Fitch alikufa maskini mwaka 1798, na miaka michache baadaye sifa na faida za boti za mvuke zikaenda kwa Robert Fulton. Ni vigumu kuamini kwamba habari za mzee huyo hazikuwahi kuzungumzwa katika nyumba aliyokulia Josephine. Chombo chake kilifanya kazi. Hakikupata wateja wa kutosha.

Binti huyo hakusomea uhandisi. Mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka 19, aliolewa na William Cochran, kijana aliyekwenda California kutafuta dhahabu akarudi mikono mitupu, kisha akatajirika Shelbyville kwa biashara ya vitambaa na bidhaa nyingine za dukani. Walijaliwa watoto wawili, na mmoja wao alifariki akiwa mdogo.

Kufikia mwaka 1870 wanandoa hao walikuwa wamehamia katika jumba kubwa, na wageni walikuwa hawakauki mezani. Vyakula viliandaliwa katika sahani za kauri ambazo familia iliamini zilikuwa katika ukoo tangu miaka ya 1600.

Baada ya karamu watumishi waliziosha sahani hizo, na asubuhi mwenye nyumba akazikuta nyingine zimemegeka kingo. Bi. Cochran alikasirika, akawaondoa watumishi kwenye beseni na kuanza kuosha mwenyewe. Hapo ndipo alipoijua kazi yenyewe: mafuta yaliyoganda, maji yanayopoa kabla hujafika nusu, mikono inayochakaa, na rundo lisilopungua.

Simulizi hii inayojulikana sana haiwataji watumishi hao kwa majina. Wao walikuwa wakiifanya kazi hiyo kila siku, na hakuna aliyeona haja ya kuwatafutia mashine mpaka mwenye nyumba alipotia mikono yake majini.

Wazo la mashine halikuwa jipya. Mwaka 1850 Mmarekani Joel Houghton alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, kwa chombo cha mbao chenye mpini wa kuzungusha ambacho kilirushia vyombo maji. Wengine walimfuata katika miaka ya 1860. Hakuna kilichofanya kazi kwa namna ya kumshawishi mtu aachane na beseni.

Mwaka 1883 William Cochran alifariki dunia, na kwa mkewe uvumbuzi ukaacha kuwa jambo la kujifurahisha. Marehemu alikuwa mlevi. Mjane alikuta fedha taslimu dola 1,535.59 na madeni mengi. Jumba lilikuwa lilelile, sahani zilikuwa zilezile, lakini riziki haikuwapo.

Ni wakati huo alipoongeza herufi moja mwishoni mwa jina la mumewe, likawa Cochrane, ingawa katika hati za uvumbuzi wake liliendelea kuandikwa kama zamani. Mwanamke wa tabaka lake, wakati ule, alitarajiwa kuuza nyumba akaishi kwa jamaa. Yeye aliingia katika banda la kuni lililokuwa nyuma ya nyumba, pamoja na fundi wa mitambo aliyeitwa George Butters.

Kazi yao ilianza kwa kupima. Bi. Cochrane alichukua vipimo vya sahani, vikombe na visosa, akatengeneza vichanja vya waya vyenye nafasi inayolingana na kila aina. Vichanja hivyo vilipangwa ndani ya gurudumu lililolazwa katika pipa la shaba. Gurudumu lilipozungushwa, pampu ilirusha maji ya moto yenye sabuni juu ya vyombo, kisha yakafuata maji ya moto matupu ya kusuuzia.

Ubora wa mashine hiyo ulikuwa katika mambo mawili. Uchafu uliondolewa na nguvu ya maji badala ya brashi, na kila chombo kilishikwa mahali pake kisigongane na mwenzake. Mashine za leo zimegeuza jambo moja tu la msingi: vyombo hukaa palepale na mikono inayorusha maji ndiyo inayozunguka. Kichanja na maji ya nguvu ni vilevile, iwe mashine ni ya bei ya chini au ya bei ya kutisha.

Maombi ya hataza yaliwasilishwa siku ya mwisho ya mwaka 1885, na hataza namba 355,139 ikatolewa Desemba 28, 1886.

Mashine ilipokamilika, ilibidi iuzwe. Wenye mitaji hawakuwa tayari kukabidhi fedha zao kwa kampuni inayoongozwa na mwanamke, na mafundi aliowaajiri walikuwa wepesi wa kubadili michoro yake kwa kuamini kwamba mwanamke asiyesomea ufundi hawezi kuwa sahihi. Gharama za majaribio hayo zilimwangukia yeye, na mara kwa mara walilazimika kurudi kwenye mchoro wa awali.

Rafiki zake walimfungulia mlango wa Palmer House, moja ya hoteli kubwa za Chicago. Baada ya hapo alikwenda Sherman House, hoteli nyingine ya jiji hilo, akiwa peke yake.

Safari hiyo aliikumbuka maisha yake yote. Alikuwa hajawahi kwenda mahali bila baba au mume, na ukumbi wa hoteli ile aliuona mpana kama usio na mwisho. Alidhani angezimia kabla ya kuuvuka. Aliuvuka, akazungumza na meneja, na akatoka na oda ya dola 800, fedha nyingi kwa wakati ule.

Kwa nini meneja wa hoteli alikubali upesi hivyo? Hesabu yake ilikuwa rahisi. Alilipa mishahara ya waoshaji kila wiki, alinunua sahani mpya kufidia zilizovunjika, na jikoni kwake maji yalichemka mchana na usiku. Kampuni ilinadi kwamba mashine kubwa ingeweza kuosha na kukausha mamia ya vyombo kwa dakika mbili. Hata kama meneja aliamini nusu ya maneno hayo, aliona lini fedha yake ingerudi.

Mwaka 1893 Chicago iliandaa maonesho makubwa ya dunia ya kuadhimisha miaka 400 tangu safari ya Columbus. Bi. Cochrane aliipeleka mashine yake katika jumba la mitambo, mahali palipotawaliwa na wanaume, na ikapata tuzo kwa ubora wa muundo na uimara. Mashine zake pia zilitumika katika migahawa ya maonesho hayo. Oda zikaja kutoka hoteli na migahawa ya majimbo mbalimbali, kisha hospitali na vyuo, ambao walivutiwa na maji ya moto sana ya kusuuzia, moto ambao mkono wa binadamu hauwezi kuuvumilia.

Majumbani hali ilikuwa tofauti kabisa. Kampuni yake ilitengeneza mashine ndogo kwa ajili ya familia, kwa bei ya chini kuliko zile za hoteli, na wanunuzi wakawa wa kuhesabika.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa maji. Mashine ilihitaji maji mengi ya moto kwa mkupuo mmoja, na nyumba nyingi za wakati ule hazikuwa na chombo cha kuyachemsha kwa wingi huo. Pili, katika maeneo mengi maji yalikuwa na chumvichumvi za madini, sabuni haikutoa povu vizuri, na vyombo vilibaki na utando. Mama wa nyumba aliyechemsha masufuria ya maji ili kuijaza mashine, halafu akafuta utando kwenye glasi, hakuwa amepunguziwa kazi.

Cha tatu ndicho kilichomchanganya zaidi mvumbuzi. Wanawake wengi waliulizwa kuhusu kuosha vyombo wakasema si kazi mbaya hata kidogo. Baada ya chakula cha jioni ilikuwa nafasi ya kupumzika na kuongea na mwenzako beseni likiwa katikati. Kazi waliyotaka iondolewe ilikuwa ufuaji.

Pengine walisema kweli. Lakini lipo jambo ambalo Bi. Cochrane alilisema kwa namna yake alipolalamikia jinsi wanawake walivyozoea kutothamini muda wao. Katika hoteli saa moja ya mwosha vyombo iliandikwa kwenye daftari la mishahara. Nyumbani saa ya mama haikuandikwa popote, na chenye fedha alikuwa mume. Mashine ya dola nyingi ilikuwa ikishindanishwa na mikono ya bure, na hakuna bei ya chini inayoweza kushinda bure.

Kwa sababu hiyo aliendelea kuuza kwenye hoteli. Alifungua kiwanda, na George Butters, fundi wa banda la kuni, akawa msimamizi wake. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 73, alisafiri hadi New York kuuza mashine zake yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata alifariki mjini Chicago, akarudishwa kuzikwa Shelbyville. Hataza yake ya mwisho ilitolewa mwaka 1917, miaka minne baada ya mazishi.

Mwaka 1926 kampuni aliyoiacha ilinunuliwa na Hobart, watengenezaji wa vifaa vya majiko makubwa. Mashine ya majumbani yenye jina la KitchenAid, lililokuwa mali ya Hobart, ilitoka mwaka 1949. Katika miaka ya 1950 familia za Marekani zilianza kununua mashine za aina hiyo, kwa kuwa vikwazo vya mwanzo vilikuwa vimelegea: maji ya moto yalifika bombani, sabuni maalumu zilipatikana, na wanawake wengi zaidi walianza kufanya kazi za mshahara nje ya nyumba, saa zao zikaanza kuandikwa mahali.

Nje ya Marekani vikwazo hivyo havikulegea kwa kasi moja, na ndiyo maana swali la dukani halijafa. Mashine ya kisasa, hata ile ya bei ya chini, huchemsha maji yenyewe, kwa hiyo tatizo kubwa la mwaka 1893 limeondoka. Maji yanayotumika nayo yamepungua: kanuni zilizoanza kutumika Marekani mwaka 2013 ziliweka ukomo wa galoni 5, takriban lita 19, kwa uoshaji mmoja wa mashine ya ukubwa wa kawaida. Anayeosha sahani za watu wanane chini ya bomba lililofunguliwa hupitisha maji mengi kuliko hayo.

Tofauti kati ya mashine ya bei ya chini na ya bei ya juu mara nyingi huwa katika kelele, ukaushaji na vichanja vinavyoweza kupandishwa na kushushwa. Mashine ya chini ikipangwa vizuri hutakatisha sahani.

Mambo yanayoweza kuifanya isifae yako nje yake. Bomba lisilo na msukumo wa maji, au tangi lililo chini mno, huifanya isimame katikati ya kazi. Umeme ukikatika, vyombo hubaki na mafuta humo ndani. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono haifai kabisa, kwani povu lake hufurika hadi sakafuni. Inahitaji unga au vidonge vyake, ambavyo ni gharama ya kila mwezi, na penye maji yenye madini huhitaji pia chumvi maalumu.

Kuna na suala la vyombo vyenyewe. Mashine hii tangu awali ilibuniwa kwa ajili ya sahani za kauri, glasi na vijiko. Sufuria za alumini, ambazo ndizo nyingi katika majiko ya Dar es Salaam na Nairobi, hupauka na kuingia weusi kwa ukali wa sabuni yake. Mwiko na kinu cha mbao hupasuka. Familia ambayo rundo lake la jioni ni masufuria mawili ya ugali na mboga, na sahani nne tu, itainunua mashine na bado itasimama kwenye sinki.

Nyumba yenye watu wengi, sahani na vikombe vingi, maji ya uhakika, na ambamo kila mtu mzima hurudi usiku akiwa amechoka, inakaribiana na hesabu ya meneja wa Sherman House. Nyumba yenye dada wa kazi iko mahali pengine, kwani humo mwenye kutoa fedha siye mwenye kuosha, kama ilivyokuwa katika jumba la Shelbyville kabla ya sahani za ukoo kumegeka.