Mama Springer: jina moja, watu wawili

Wandugu wanafunzi, kwetu Katanga ukitaja jina Springer, wengi wanawaza mara moja Askofu John Springer. Pale Mulungwishi masomo ilipewa jina hilo. Lakini jina lile lilikuwa na wenyewe wawili. Leo tuongee juu ya yule wa pili, Mama Helen.

Helen Chapman alizaliwa mwaka wa 1868 katika Maine, Marekani. Yeye alijua Congo mbele ya John. Katika miaka ya 1890 alifanya kazi Congo ya Chini, katika misioni ya Askofu William Taylor. Bwana yake wa kwanza, William Rasmussen, alikufa mwaka wa 1895. Wengi wangesema: basi, inatosha. Helen hakusema hivyo. Mwaka wa 1901 akarudi Afrika, safari hii Old Umtali, katika Zimbabwe ya leo.

Pale alifundisha wasichana, wakati ule wazazi wengi waliona masomo ni kitu cha wavulana tu. Na yeye mwenyewe akakubali kuwa mwanafunzi: akajifunza lugha ya watu, na mwaka wa 1905 kikatoka kitabu chake cha kufundishia Kikaranga. Mwaka ule ule akaolewa na John Springer.

Mwaka wa 1907 wawili hao wakaanza safari ndefu, kupita Zambia ya leo mpaka bahari upande wa Angola. Tusisahau hapa: mizigo na kipoyi vilibebwa na Waafrika, na wao hawakupewa masomo yenye jina lao. Mwaka wa 1910 Springer na bibi yake wakarudi kuanzisha kazi ya Wametodisti kwetu, na miaka iliyofuata wakaifikisha Kambove, Likasi, na mahali pengine.

Mwaka wa 1936 John akachaguliwa kuwa askofu. Na Helen? Alibaki kuitwa bibi ya askofu. Kanisa lao lilikuja kuwapa wanawake haki kamili ya uchungaji mwaka wa 1956. Mama Helen alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1949, miaka saba mbele. Kazi alifanya, cheo hakukiona. Njo maana si vibaya kukumbuka kwamba John mwenyewe aliandika kitabu juu ya maisha ya bibi yake, kikatoka mwaka wa 1952. Alijua deni lake.

Wavulana, mkisikia jina Springer, mhesabu watu wawili. Na nyumbani mwangalie vizuri: nani anafanya kazi, na nani anashukuriwa? Wasichana, ninyi musingoje cheo kwanza ndipo muanze kazi. Lakini mukiisha kuifanya, musiogope kusema ni yenu. Kidole kimoja hakivunji chawa.