Aliyeipa Minyoo ya Bahari Yetu Majina

Mvuvi wa pwani akitaka chambo huchimbua mnyoo mchangani, akamtia ndoanani, ikawa basi. Hana haja ya kuuliza ni wa aina gani. Bwana Cyril Crossland alitumia ujana wake kuuliza swali hilo.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1878, akasomea elimu ya wanyama huko Cambridge. Mwaka 1901 aliitwa Unguja na Sir Charles Eliot, Kamishna wa Kiingereza katika Afrika Mashariki. Ndiye Eliot yule aliyejiuzulu mwaka 1904 kwa ugomvi wa kuwagawia walowezi ardhi ya Bonde la Ufa. Wachache wajuao kwamba alikuwa pia bingwa wa konokono wa baharini wasio na kombe.

Crossland alikusanya viumbe Chwaka, Wasini na kwingineko hadi mwaka 1902. Kati ya minyoo aliyoieleza mmoja ni wa ajabu. Hukaa ndani ya mrija aliojijengea mwenyewe, mwembamba kama ngozi kavu, na humo huchuja chakula chake majini. Kumjua ni kazi ya darubini na subira: huhesabiwa pingili moja moja na kutazamwa vinyweleo vyake. Katika pingili ya nne vimo vinyweleo vinene, ambavyo hudhaniwa kuwa ndiyo mkasi wake wa kukatia mrija. Zikionekana sifa ambazo hazijaandikwa kwa mnyoo mwingine yeyote, basi hiyo ni aina mpya. Hupewa jina la maneno mawili kwa mtindo wa Kilatini, likachapishwa pamoja na sifa zake, na aliyetangulia kuchapisha ndiye jina lake hushika.

Nabii Adam alifundishwa majina, hawa walijitungia. Mwaka 1902 Eliot alitoa jina la Crosslandia kwa konokono wa Unguja. Mwaka uliofuata Crossland akalipa fadhila: mnyoo wa mrijani akawa Phyllochaetopterus elioti. Kwa maoni yangu mmoja kati ya wale wawili ungemfaa jina la mwenyeji, kwani wenyeji ndio waliojua maji yakipwa wapi na lini. Lakini kanuni haibadilishwi kwa manung'uniko, na majina hayo yako vitabuni hata leo.

Mwaka 1905 Crossland alihamia Dongonab, pwani ya Sudan, ng'ambo ya Jidda, akalea chaza wa lulu kwa ajili ya serikali hadi mwaka 1922. Mwaka 1913 alitoa kitabu juu ya jangwa na bustani za majini za Bahari ya Shamu. Toka 1930 hadi 1938 alisimamia kituo cha elimu ya bahari cha Ghardaqa, Misri.

Eliot alifariki melini mwaka 1931, akazikwa baharini. Crossland alifariki Copenhagen mwaka 1943, mbali na maji ya joto.