Don Bosco na mwanafunzi anayesimama peke yake uwanjani



Wapendwa vijana, kila ikikaribia tarehe 31 Januari tunapiga ngoma, tunacheza bonanza la mpira, na ile picha ya padre anayetabasamu akizungukwa na watoto inabandikwa kila mahali. Picha ni nzuri. Ila ina tatizo moja: mwanafunzi mwenye huzuni akiitazama anaona huyu si mtakatifu wake, ni wa wale wanaocheka. Leo nataka nikusimulie habari za Mtakatifu Yohane Bosco kwa upande ule mwingine. Nakuandikia wewe uliyeko bweni, unaamka saa kumi na moja, unaingia vipindi vyote, prepo unahudhuria, na ndani umechoka kabisa na hujui umwambie nani.

Alizaliwa 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, mashambani, si mbali na Torino, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Francesco, alifariki kwa nimonia kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Akiwa mtu mzima Don Bosco aliandika kumbukumbu za maisha yake, na jambo la kwanza kabisa alilolikumbuka ni chumba kile cha msiba. Watu wanatoka, yeye anagoma kutoka kwa sababu baba hatoki naye, na mama Margherita anamshika mkono, analia, anamweleza kwamba sasa hana baba. Huyu ndiye mtakatifu wa furaha. Kumbukumbu zake zinaanzia hapo.

Nyumbani hapakuwa na amani. Kaka yake Antonio, wa baba mmoja mama mbalimbali, aliona vitabu ni uvivu wa mtu asiyetaka kushika jembe. Ugomvi ulifika mahali ambapo mama alilazimika kumtoa Yohane nyumbani, na akiwa na miaka kama 12 hivi akaenda kufanya kazi kwenye shamba la familia moja iliyoitwa Moglia. Karibu miaka miwili alikaa huko, kibarua anayetaka kusoma.

Mwishoni mwa mwaka 1829 akakutana na padre mzee, Calosso, aliyegundua kwamba kijana huyu ana akili na hana msaada. Akaanza kumfundisha Kilatini. Zaidi ya Kilatini, kwa mara ya kwanza Yohane alipata mtu wa kumweleza kila kitu kilichokuwa moyoni mwake. Basi, mwaka mmoja ukapita, na mnamo Novemba 1830 padre akapata kiharusi, akafa. Alimwachia Yohane ufunguo wa sanduku lenye fedha za kumsomesha. Ndugu wa marehemu walipofika, Yohane akawapa ufunguo.

Hapa naomba tukae kidogo, maana sehemu hii tunaipita haraka sana kwenye mahubiri. Kijana huyu wa miaka 15 alilia bila kutulizika. Akiwa macho alimuwaza marehemu, akilala alimwota. Mama yake aliogopa kwa ajili ya afya yake. Sitaki kumpachika jina la ugonjwa mtu aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ila angalia mama alichofanya. Margherita hakujua kusoma wala kuandika, na alikuwa mwanamke wa sala kwelikweli, lakini hakumwambia mwanae kwamba huzuni ni upungufu wa imani. Alimtoa pale, akampeleka kwa muda kwa babu yake huko Capriglio. Yaani aliona hali si ya kawaida, akachukua hatua. Mzazi mwenye shule zote anaweza kushindwa hapo.

Masomo yenyewe aliyapata kwa taabu. Novemba 1831 alifika mji wa Chieri akiwa na miaka 16, akawekwa darasa la chini kabisa pamoja na watoto wadogo. Fikiria wewe umevuka umri wa kidato cha nne halafu unakalishwa na darasa la tano! Alilipia maisha kwa kazi za hapa na pale. Kipindi kimoja alihudumu kwenye mgahawa na kulala kwenye kijinafasi chini ya ngazi. Wenzake walianza kumzunguka kwa sababu aliwasaidia masomo, na kutokana na hao akaunda chama walichokiita Chama cha Furaha. Kanuni zake zilikuwa chache mno: kuepuka lolote lisilomfaa Mkristo, na kutimiza wajibu wa shule na wa dini. Kila mmoja alitakiwa atafute vitabu, michezo na mazungumzo ya kuwachangamsha wenzake. Chama hicho hakikuanzishwa na mwalimu wala padre. Kilianzishwa na mwanafunzi yatima aliyekuwa anajua vizuri sana huzuni inafananaje.

Mwaka 1835 aliingia seminari hapohapo Chieri. Rafiki yake mkubwa, Luigi Comollo, alikuwa mpole, msali sana, na alijinyima chakula kuliko mwili wake ulivyoweza kubeba. Alifariki 2 Aprili 1839, hajatimiza miaka 22. Yohane akashikwa na hofu kubwa baada ya kifo hicho, akaugua hadi kukaribia kufa. Nasoma habari hizo nikiwa seminarini mwenyewe, na nakiri huwa zinanigusa. Huwa tunajifanya wagumu sana humu.

Kitu kingine kilichomuumiza ni umbali wa wakubwa. Tangu utotoni alikuwa akiwasalimia mapadre njiani, nao wanaitikia kwa heshima na kupita zao. Seminarini akakuta walezi wema kabisa, lakini mwanafunzi alionana nao akifika na akiondoka, au akiwa na kosa. Mlezi akitokea, vijana wanatawanyika. Akaahidi moyoni kwamba yeye akiwa padre hatakuwa hivyo.

Alipewa upadre 5 Juni 1841. Huko Torino Padre Cafasso alimpeleka magerezani, akaona vijana wenye afya na akili wanatoka na kurudi, wanatoka na kurudi. Akagundua wengi wanarudi kwa sababu nje hakuna anayewangoja. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, kijana fundi aitwaye Bartolomeo Garelli alipigwa na mtunza sakristia kwa sababu hakujua kutumikia Misa. Don Bosco akamwita arudi. Akamuuliza habari za wazazi: wamekufa. Kusoma: hajui. Kuimba: hajui. Kisha akamuuliza kama anajua kupiga mluzi, na kijana akatabasamu. Katekisimu ilianza baada ya tabasamu hilo.

Kutoka hapo ndipo ikazaliwa Oratori ya Valdocco, na kuanzia 1847 bweni. Njia yake ya malezi aliijenga juu ya mambo matatu: akili, dini na upendo wa kirafiki. (Nimesoma falsafa miaka mitatu, kwa hiyo mnisamehe nikifurahi kwamba akili imetajwa.) Kiini chake ni mlezi kuwepo. Don Bosco alishinda uani na vijana, akikimbia nao, na katikati ya mchezo alimsogelea mmoja, akamnong'oneza neno sikioni, akaendelea na mchezo. Alikuwa akimtafuta yule asiyecheza.

Mmoja wa hao alikuwa Dominic Savio, aliyefika 1854. Siku moja alisikia mahubiri juu ya utakatifu, na baada ya hapo akawa kimya, akajitenga, hachezi tena. Kwa macho ya wengi huyo ndiye mwanafunzi bora: mtulivu, yuko kanisani. Don Bosco aliona hatari. Akamtaka awe na furaha, arudi kwa wenzake, atimize masomo yake. Alipogundua kwamba kijana huyo dhaifu anajitesa kitandani na kulala bila blanketi la kutosha wakati wa baridi, alimkataza.

Mwingine ni Michele Magone. Don Bosco alimkuta stesheni ya Carmagnola mwaka 1857, ana miaka 12, hana baba, kiongozi wa genge la watoto. Alipoletwa Oratori alikabidhiwa kwa mwanafunzi mwenzake amwangalie na kumrekebisha kwa upole. Baada ya muda kama mwezi akaanza kukaa pembeni, anawatazama wenzake wanacheza, machozi yanamtoka. Don Bosco hakungoja aje ofisini. Alimwita yeye. Kijana alilia, mwishowe akasema dhamiri yake imevurugika. Akaungama na kurudi uwanjani.

Naomba tusiikosee hadithi hii. Kilichombana Magone kilikuwa dhambi, na dawa yake ikawa kitubio. Sonona ni kitu kingine. Si dhambi, na aliye nayo anahitaji sala zetu pamoja na mnasihi au daktari. Kidato cha pili tulikuwa na mwenzetu aliyeacha kucheza, akaacha na kula. Tulimwita mpweke, tukacheka, na walimu wakasema anakwepa kazi. Tulikuwa bweni zima. Hakuna hata mmoja aliyekaa kitandani kwake kumuuliza. Akaondoka katikati ya muhula. Kama wewe unayesoma una mawazo ya kujidhuru, usingoje muhula uishe: leo hii mwambie matroni au patroni, mwalimu, padre au sista, na asipokusikiliza nenda kwa wa pili.

Mei 1884, akiwa mzee na mgonjwa, Don Bosco alikuwa Roma, akaandika barua kwa watu wake wa Valdocco. Alieleza ndoto ya viwanja viwili. Cha kwanza, cha zamani, kimejaa mbio na vicheko, na walezi wamo humohumo. Cha pili, cha wakati ule: vijana wameegemea nguzo, wengine wamekaa ngazini peke yao, na walezi wanatembea wakiongea wao kwa wao. Walezi hao waliwapenda vijana, na walichoka kwa ajili yao. Tatizo ni kwamba vijana wenyewe hawakuona kwamba wanapendwa.

Alifariki alfajiri ya 31 Januari 1888, ana miaka 72, kwenye chumba chake hapohapo Valdocco. Chini ya vyumba vyake ni ule ua.

Mt. Yohane Bosco, utuombee.