Daktari Adrian Atiman, Katekista wa Karema

Wengi wetu tumepita Atiman House jijini Dar es Salaam, na wagonjwa wa Sumbawanga wanaijua Hospitali ya Dr. Atiman. Jina hilo ni la Mwafrika aliyesomea utabibu Ulaya zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Wamisionari wa Afrika walimkomboa huko Algeria, wakamlea, naye akabatizwa.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, aliamini kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe. Mwaka 1881 alianzisha chuo kisiwani Malta, ambako vijana waliokombolewa utumwani walisomea utabibu ili wawe madaktari na makatekista kwa pamoja. Alitaka wapate elimu ya Kizungu, lakini mavazi, chakula na makazi yao yabaki ya Kiafrika, wasije wakatengana na watu watakaowahudumia.

Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, tuutazame mpango huo kwa macho ya mwanafunzi. Kijana asiye na baba wala mjomba wa kumsemea alifundishwa na wageni taaluma yao, kisha wageni haohao wakampangia namna ya kuwa Mwafrika. Tena, kwao Afrika ilikuwa moja. Mtoto wa mto Niger alitumwa ziwa Tanganyika, mahali ambapo hakuwa na ndugu hata mmoja.

Alimaliza masomo mwaka 1888, na mwaka 1889 akafika Karema, mkoani Katavi wa leo. Rangi yake ilifanana na ya wenyeji, lakini alikuwa mgeni kama mapadre aliofuatana nao. Uenyeji aliupata kwa kuishi. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini mwaka baada ya mwaka, katika utawala wa Wajerumani na kisha wa Waingereza. Mwanae Joseph alipewa upadre mwaka 1923. Daktari Atiman alifariki mwaka 1956, akiwa ametumikia miaka 67 palepale Karema.

Maisha yake yanatugusa sisi wa leo. Kijana wa Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji, akienda kusomea saikolojia au ushauri nasaha, atakutana na vitabu vingi vilivyoandikwa kutokana na maisha ya Ulaya na Marekani. Huenda mwalimu akadhani kwamba kijana huyo, kwa kuwa ni mweusi, anamjua kila Mwafrika. Atiman hakuikataa elimu ya walimu wake, bali aliishika yote. Lakini watu wa Karema hakuwajua kwa kusomeshwa Malta. Aliwajua kwa kuketi nao, kula nao na kuzika nao.

Nasi tunaowatuma vijana masomoni, walezi wa seminari na wazazi parokiani, tuwaulize wanaonaje na wanapitia nini huko waliko, kabla ya kuwapangia watakaporudi. Kijana aliyesikilizwa katika malezi yake atajua kumsikiliza mgonjwa.

Raha ya milele umpe ee Bwana mtumishi wako Adrian.